Siku Nilipoukalia Mzigo wa Baba

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja na kabla ya kuvaa sare za shule, ilikuwa kumpaka Baba samli miguuni. Baba aliketi kwenye kigoda mlangoni, akanyoosha miguu, nami nikachota samli kwa kidole na kuvisugua vinundu vyake. Vilikuwa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, kwenye ile kano nene. Vilikuwa vigumu kama njugumawe, na havikumuuma hata kidogo.

"Sugua vizuri, mama," Baba aliniambia kila siku. "Hivyo ndivyo vilivyofika Bagamoyo."

Ukoo wetu ulikuwa na hadithi yake. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani, akatembea na misafara kutoka Kwihara, hapa Tabora, hadi pwani, na kurudi. Basi ikasemwa kwamba vinundu vilimwota kwa kutembea, naye akawarithisha wanawe, nao wakawarithisha wana wao. Nani alikuwa na ushahidi? Hakuna. Lakini wote tuliamini, na mimi niliamini kuliko wote. Kila nilipovaa soksi nilijipapasa visigino nione kama na mimi nimeanza kuota. Wapi! Visigino laini kama vya mtoto mchanga. Ilinikera sana.

Kila mwaka baada ya mavuno ukoo wetu ulifanya Siku ya Wapagazi. Tulikusanyika Kwihara asubuhi, wanaume wakajitwika mizigo, tukatembea kwa nyimbo mpaka nyumbani kwetu Kanyenye, katikati ya mji. Mwenye vinundu vikubwa ndiye aliyetangulia, na mzigo wake ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Tukifika, yeye ndiye aliyekula nundu ya ng'ombe, ile nyama ya mgongoni inayochuruzika mafuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake.

Mwaka jana aliyetangulia alikuwa Baba Mkubwa Sixbert, kaka yake Baba. Hata mwezi haukuisha. Alianguka mlangoni kwake akiwa na ndoo ya maji mkononi, akafa hapo hapo. Hakuwa mzee, hata mvi hakuwa nazo. Msibani watu walitikisa vichwa na kusema, "Wanaume wa ukoo huu hawazeeki." Walisema kama vile wanatusifu! Na mwaka huu zamu ilikuwa ya Baba.

Msimamizi wa shughuli yote alikuwa Babu Dionis, mdogo wake marehemu babu yangu. Alikuwa mkali kama pilipili. Alipuliza pembe, akapanga watu kwa fimbo yake, akamkemea yeyote aliyecheka ovyo. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kutangulia hata mara moja, na kiangazi na masika alivaa mabuti ya mpira. Nilidhani anayapenda tu.

Baba alikuwa mchukuzi wa magunia sokoni. Mtu mwembamba, mrefu, lakini gunia la mpunga alilibeba huku anapiga mluzi. Sasa siku moja, akiwa hana hata mzigo begani, akajikwaa kwenye kamba ya turubai. Akaangukia kiganja. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mahona! Mtu wa magunia unaangushwa na kamba?"

Kicheko kilikoma walipouona mkono wake. Ulikuwa umepinda juu ya kifundo.

Mama na mimi tulimkuta hospitali. Daktari aliyemhudumia alikuwa dada mmoja aitwaye Jeska, aliyeongea haraka haraka lakini akikutazama machoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akainua picha ya mifupa kwenye mwanga.

"Baba, wewe unabeba magunia kila siku," alisema. "Mifupa ya mtu kama wewe ilitakiwa iwe imara. Kuanguka hivi tu hakukutakiwa kuuvunja mkono. Na hapa mfupa unaonekana mwembamba kuliko ninavyotarajia."

Baba alicheka. "Ni bahati mbaya tu, daktari."

Daktari Jeska hakucheka. Alimtazama Baba machoni, akaona mduara mweupe uliozizunguka mboni zake. Halafu akaangalia chini, akaviona vinundu, maana Baba alikuwa amevaa kandambili. Akachuchumaa, akavibonyeza kwa kidole gumba.

"Hivi unavyo tangu lini?"

"Hivyo ni vya ukoo," Baba akajibu kwa majivuno, akamsimulia habari za Bagamoyo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Daktari alimsikiliza vizuri. Kisha akaomba damu ya kupima. Tuliporudi kuchukua majibu, mkono wa Baba ukiwa kwenye plasta nyeupe, alitukalisha wote watatu.

"Vinundu hivi ni mafuta," alisema. "Yanaitwa kolesteroli. Kila mtu anayo kwenye damu, na mwili unayahitaji kidogo. Lakini yako, Baba Mahona, yamepita kiasi, zaidi ya mara mbili ya yanavyotakiwa. Yakizidi, mengine yanakwenda kujikusanya kwenye kano, kama hapa kisiginoni, na kuzunguka mboni, kama kwenye macho yako. Hayo si hatari. Ya hatari ni yanayoganda ndani ya mishipa ya moyo, maana siku moja yanaweza kuziba njia ya damu."

Baba alisimama. "Mafuta? Mimi? Nyama naiona sikukuu! Tumbo langu liko wapi? Hayo ni magonjwa ya wenye magari."

"Kaa, Baba. Wembamba hauyazuii haya. Umezaliwa nayo. Ini lako halijui kuyaondoa mafuta kwenye damu, na hali hiyo inatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Si kosa lako, na wala si kosa la chakula peke yake."

"Na mkono?" Mama aliuliza. "Mkono unahusika vipi na mafuta?"

"Swali zuri. Watu wanadhani mfupa ni kitu kilichokufa, kama jiwe. Mfupa uko hai. Kila siku ndani yake kuna mafundi wanaobomoa sehemu kuukuu na mafundi wanaojenga mpya. Wataalamu wameona kwamba mafuta haya yakizidi kwa miaka mingi, wajenzi hupungua nguvu na wabomoaji huongezeka. Bado wanachunguza, na mimi siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyovunja mkono huu. Lakini mkono huu umetusaidia. Bila huo tusingepima damu."

Akampa vidonge vya kumeza kila siku. Akamkataza nundu, samli na tumbaku, akamwambia ale dagaa, maharage na mboga za majani, na asibebe mizigo mizito mpaka wachunguze moyo.

Tulipotoka nje Baba alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Binti mdogo kama yule anaiita alama ya babu zangu mafuta!"

Na mimi nilikasirika kuliko Baba, niseme kweli. Miaka yote nimevisugua vile vinundu, leo nije niambiwe nasugua ugonjwa? Nilitamani kurudi ndani nikamjibu. Baba alivificha vidonge juu ya kabati, nyuma ya redio, na mimi nikanyamaza.

Aliyenizindua ni Aleksi, mtoto wa marehemu Baba Mkubwa Sixbert. Tunasoma darasa moja. Nilimkuta kwenye bomba la shule, nikamweleza yote nikitarajia atacheka. Hakucheka. Alifunga bomba, akasimama anajifuta mikono kwenye kaptura ingawa ilishakauka.

"Baba yangu alikuwa anasimama njiani," alisema. "Tukitoka shamba, kwenye kile kilima kidogo. Anajishika hapa, kifuani, anajifanya anafunga mkanda. Nikamuuliza, akaniambia nisimwambie mtu."

"Na hukumwambia mtu?"

"Aliniapisha, Siwema."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Jioni hiyo nilimsubiri Baba barabarani. Plasta ilikuwa imeshatolewa, naye alikuwa anasukuma baiskeli kwa mkono mzima. Alipofika penye mwinuko karibu na nyumbani, akasimama. Akaweka mkono kifuani, akajifanya anakagua kengele ya baiskeli. Mungu wangu! Niliona kabisa kwamba baba yangu atabeba ule mzigo kutoka Kwihara, na kwamba hatafika.

Asubuhi iliyofuata aliketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu kama kawaida.

"Leo sipaki," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Sipaki samli ugonjwa. Meza vidonge kwanza."

Mama, aliyekuwa anapepeta mchele, aliinua uso. "Mimi nimesema mpaka mate yamekauka," alisema. "Labda atamsikia mwanawe."

Baba hakufoka. Afadhali angefoka. Aliongea taratibu, kama mtu aliyechoka. "Siwema, nikienda kwa Babu Dionis nikamwambia sibebi, ukoo mzima utasema nini? Kwamba nimevunjika mkono na roho pia? Kaka yangu alibeba. Baba yangu alibeba. Nami nitabeba. Baada ya hapo tutaongea habari za vidonge."

"Baada ya hapo utakuwa umekufa!"

"Toka hapa!" Sasa alifoka. Nilitoka, lakini sikuomba radhi, na samli sikuigusa tena.

Siku ya Wapagazi ikafika. Kwihara kulijaa watu wetu, wengine wametoka Puge, wengine Urambo. Wanawake walivaa kanga mpya, watoto walikimbizana, na mizigo ilipangwa mstari mmoja. Mzigo wa Baba ulikuwa mbele kabisa, gunia la karanga lililofungwa kwa kamba za magome kama mizigo ya zamani. Babu Dionis alipuliza pembe. Watu wakanyamaza. Baba akavua shati, akapiga hatua mbele.

Nikamtangulia. Nikakimbia, nikalikalia lile gunia.

Kwanza watu walicheka, wakadhani ni mchezo wa watoto.

"Inuka, mama," Baba alisema kwa sauti ya chini.

"Siinuki."

"Siwema, usinitie aibu mbele za watu."

"Siinuki, Baba. Ukitaka kulibeba, tubebe pamoja, mimi na gunia."

Hapo kicheko kikakatika. Shangazi mmoja akashika mdomo. Babu Dionis alikuja mbio, mabuti yanapiga kelele, fimbo juu. "Mtoto gani huyu asiye na adabu! Nani kamlea? Huu ni mzigo wa wanaume wa ukoo. Ondoka kabla sijakuchapa!"

"Nichape, Babu. Nitachapwa nikiwa nimekaa hapa hapa." Machozi yalikuwa yanatoka, lakini sikuondoka. "Daktari amesema vile vinundu ni mafuta. Yako mpaka kwenye damu, mpaka kwenye moyo. Baba anashikwa na kifua njiani na anaficha!"

"Uongo!" Baba akasema.

"Si uongo." Aliyesema hivyo alikuwa Aleksi. Alijipenyeza katikati ya watu wazima, akaja, akaketi kwenye gunia kando yangu. "Baba yangu naye alishikwa na kifua. Nilimwona. Nilinyamaza kwa sababu aliniapisha, halafu msibani mkasema wanaume wa ukoo huu hawazeeki, kama vile ni heshima. Mimi sitaki heshima hiyo. Mimi namtaka baba yangu."

Fimbo ya Babu Dionis ilikuwa bado juu. Nilimtazama usoni, kisha nikayatazama mabuti yake, na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote.

"Babu," nikasema, "kaka zako wako wapi?"

"Wamekufa. Unajua kwamba wamekufa."

"Walikuwa na vinundu?"

"Wote."

"Na wewe?"

Uso wake ulibadilika, mkono wenye fimbo ukashuka polepole.

"Wewe huna, Babu. Ndiyo maana hujawahi kutangulia, na ndiyo maana unavaa mabuti, usionekane. Lakini tazama hapa, mwanamume mzee wa ukoo huu ni nani? Ni wewe peke yako! Asiye na vinundu ndiye aliyebaki kutuzika!"

Watu wakaanza kugeuka na kutazamana. Nikawaona wakihesabu kimoyomoyo, fulani na fulani na fulani, wote walitangulia, wote walikufa wakiwa na nguvu zao. Shangazi Apolinaria, dada yake Baba, aliyekwisha kuvunjika mkono mara mbili kwa kuteleza tu, alikunja kanga yake na kutazama miguu yake mwenyewe.

Babu Dionis aliketi chini, mavumbini, mzee yule na ukali wake wote. Akavua buti moja, halafu la pili. Kano zake zilikuwa nyembamba na safi.

"Maisha yangu yote niliona haya," alisema. "Baba yangu aliwahi kusema mbele za watu kwamba mimi si damu yake. Na kila nilipomzika kaka yangu nilimwonea wivu."

Baba alibaki amesimama juu yetu, shati mkononi. Nilidhani atanivuta kwa nguvu. Badala yake alimgeukia Aleksi.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Kifua kinanibana. Tangu wakati wa palizi. Niliogopa kusema."

Mama akaangua kilio. Na mimi nikalia, nikalia vibaya kabisa, lakini kwenye gunia sikutoka mpaka Baba alipovaa shati lake na kufunga vifungo vyote.

Siku ile tulitembea mpaka Kanyenye bila mzigo hata mmoja. Nyimbo hazikuimbwa. Jumatatu tukarudi kwa Daktari Jeska, na safari hii hatukuwa watatu. Alipoiona foleni ya ukoo mzima nje ya mlango wake alishika kiuno. "Jamani, leo mmeleta msafara!" Akapima watu wazima, kisha akapima na watoto, kwa sababu mzazi mwenye hali hii anaweza kumpa mtoto mmoja na asimpe mwingine.

Egidi, mdogo wangu, hakuwa nayo. Aleksi hakuwa nayo. Shangazi Apolinaria alikuwa nayo. Na mimi, mwenye visigino laini, nilikuwa nayo.

Baba alifunika uso kwa mikono. "Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Mwanangu mwenyewe."

"Acha, Baba," nikamwambia. "Umenipa na huu mdomo."

Daktari alicheka, kisha akamgeukia Baba. "Huyu tumemgundua mapema sana. Akimeza dawa, akicheza, akiota jua, akinywa maziwa yaliyoondolewa mafuta na kula vizuri, moyo wake na mifupa yake vitaishi mpaka awe bibi wa watu. Na wewe hujachelewa. Tumia dawa kila siku, si siku unayojisikia vibaya tu, maana mafuta haya hayabishi hodi." Akatuandikia tarehe ya kurudi, Baba akafanyiwa uchunguzi wa moyo, akaachishwa magunia. Siku hizi anauza dagaa na maharage kwenye meza pale pale sokoni. Wachukuzi wenzake walimtania siku mbili tatu, wakachoka.

Nilijua bado nina deni la adabu. Nilikuwa nimemjibu mzee mbele ya ukoo, na kwetu hilo si jambo dogo. Nikaenda kwa Babu Dionis, nikapiga magoti.

"Shikamoo, Babu. Nimekuja kuomba radhi kwa yale maneno."

"Marahaba. Inuka." Alikuwa ameketi nje, miguu mitupu juani. "Kwa kutangaza habari za mabuti yangu, radhi naipokea. Kwa kukalia mzigo, usiombe radhi kwa mtu yeyote."

Sikuelewa, akaniashiria nikae.

"Baba yangu alinisimulia jambo ambalo hatulitaji siku ya sherehe, kwa sababu tunapenda kusifia mabega tu. Wapagazi hawakubeba kila walichopewa. Mkuu wa msafara akiwazidishia uzito, au akiwanyima chakula, waligoma. Waliitua mizigo katikati ya njia, wakaikalia, na hakuna bunduki wala fimbo iliyowainua mpaka waliposikilizwa. Sisi tumeiga kubeba, tukasahau kugoma." Akanitazama. "Ugonjwa wa kurithi hauna aibu, mjukuu wangu, kwa sababu hakuna aliyeuomba. Lakini kuuficha, kuupamba na kuuita heshima, huko ndiko kunakoua. Ukimwona mtu wako anabeba kitu kitakachomuua, usimwimbie. Kikalie."

Nilimuaga, nikarudi nyumbani haraka, kwa sababu ilikuwa saa ya dawa na Baba huwa hamezi mpaka nimeze naye.